Smuthi Ya Asubuhi Kwa Anayetaka Kupunguza Uzito: Iwe Badala Ya Chai, Isiwe Kabla Ya Chai



Tumeletewa swali na dada yetu mmoja wa Unguja, na tumeona halifai kujibiwa kwa mistari miwili. Anasema mama yake ana maradhi ya sukari na presha, na daktari amemtaka apunguze uzito. Dada yetu, kwa kutaka kumsaidia mzazi wake, akaona katika simu video za vinywaji vya kupunguza uzito, akanunua blenda, na tangu hapo kila siku baada ya Swalah ya Alfajiri humsagia mama glasi kubwa: ndizi mbili, embe, tende saba, asali vijiko viwili vikubwa na maziwa ya unga vijiko vitatu. Mama anaipenda mno. Baada ya miezi miwili wakaenda kliniki, mama akakutwa ameongezeka kilo tatu na sukari imepanda. Daktari alipoelezwa hiyo glasi ya asubuhi akasema asali na tende ziondoke. Hapo ndipo dada alipotuandikia: je, atakuwa na makosa akiacha kumpa mama yake asali, ilhali asali ni shifaa? Na je, hiyo smuthi aiache kabisa?

Allaah Amlipe kheri kwa kumhudumia mama yake. Wema wake haukupotea kwa sababu hesabu ya jikoni ilikwenda kombo, na wala si yeye peke yake. Tunajua nyumba nyingi ambazo blenda imeingia kwa nia ya kupunguza uzito na watu wakazidi kunenepa.

Tukianza na swali la pili, asiiache. Abadilishe vinavyotiwa ndani, na kubwa kuliko hilo, abadilishe nafasi yake. Kwani tulipomuuliza mama anakula nini baada ya kunywa smuthi, alitujibu kama ambavyo wengi wetu tungejibu: "Halafu anakunywa chai."

Na chai kwetu si chai. Sisi watu wa visiwani chakula chote cha asubuhi tunakiita chai. Mtu akikwambia hajanywa chai, hamaanishi kikombe. Anamaanisha boflo, mandazi, chapati, vitumbua, mbaazi za nazi zilizobaki usiku, muhogo wa kuchemsha, na kikombe juu yake chenye sukari vijiko vitatu. Kwa hiyo ikija smuthi, kwa kuwa ni kitu cha glasi, akili inaiweka pamoja na vinywaji, haiiweki pamoja na vyakula. Inanywewa kama dawa inavyonywewa, kisha watu wanakaa mkekani kwa chai yao kama kawaida. Hapo mtu amekula mara mbili na anahisi amekula mara moja.

Tuihesabu hiyo glasi ya mama. Ndizi mbivu moja ya kiasi ina kalori kama 105, basi mbili ni 210. Kikombe cha embe lililokatwa ni karibu 100. Tende za kawaida, zile ndogo, kila moja ina kalori 20 na kitu, kwa hiyo saba zinakaribia 150. Zikiwa ni zile kubwa nene za Madjhul, moja tu inafika 66. Asali kijiko kikubwa kimoja ni kalori 64. Maziwa ya unga vijiko vitatu vinaongeza kama 120. Jumla inapita 700. Kikombe cha wali mweupe usiotiwa nazi kina kalori kama 200. Maana yake mama alikuwa anakunywa zaidi ya vikombe vitatu vya wali kabla ya kukaa kwenye chai, na hakuna aliyeona ajabu kwa sababu ilikuwa glasi moja ya rangi nzuri.

Lipo jambo jingine ambalo video hazilisemi. Embe likiliwa kwa meno, mtu anachukua muda, anatafuna, tumbo linapata habari kwamba kinakuja chakula. Embe hilo hilo likisagwa linateremka kwa dakika mbili, na kitu cha majimaji hakikai tumboni kama kile kilichotafunwa. Ndiyo maana mtu hawezi kula ndizi mbili, embe na tende saba kwa mkupuo mmoja bila ya kushiba, lakini akizisaga anazinywa na saa nne anaulizia kitu cha kula. Uingereza, idara yao ya afya inawashauri watu juisi na smuthi zisizidi mililita 150 kwa siku, yaani ujazo wa glasi ndogo ya chai. Sisi hatufikishi huko kwa smuthi iliyo na mtindi na nafaka na ambayo imeshika nafasi ya mlo mzima, lakini kwa smuthi ya matunda matupu shauri hilo ni la kuzingatiwa, khasa kwa mwenye sukari.

Sasa tuje kwenye asali, maana tunajua hilo ndilo lililomuuma moyo dada yetu. Kwamba ndani ya asali kuna shifaa ni jambo la Qur-aan, na hakuna Muislamu anayelitilia shaka. Lakini kitu kuwa shifaa hakukifanyi kiwe cha kumiminwa bila kipimo kwa kila mtu na katika kila maradhi. Dawa zote tunazopewa hospitali zina kipimo, na dawa ya mtu mmoja inaweza kuwa dhara kwa mwingine. Kijiko kikubwa cha asali kina sukari gramu 17, ni sawa na vijiko vidogo vinne vya sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linaihesabu sukari iliyomo ndani ya asali na ndani ya juisi za matunda katika sukari ile ile inayotakiwa kupunguzwa, na linapendekeza isifike asilimia 10 ya chakula cha siku, na ikiwa chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo asilimia 5 kwa mtu mzima ni kama vijiko vidogo sita kwa siku nzima. Asali ya mama peke yake ilikuwa vijiko vinane, kabla ya sukari ya chai.

Kwa hiyo, ukhti, ukimfuata daktari aliyempima mama yako na kumjua hali yake, hujaikataa shifaa ya Allaah. Umemkinga mama yako na madhara, na kujikinga na madhara ni jambo tulilofunzwa na Dini yetu hii hii. Na tende vilevile. Akitaka kuipata Sunnah ya tende, tende moja ya kutafuna inamtosha, na amwambie daktari ili iingie katika hesabu yake.

Baada ya hapo tuingie jikoni.

Smuthi ya kupunguza uzito inahitaji vitu vitatu, na matunda ni kimoja tu kati ya hivyo. Cha kwanza ni kitu cha kujenga mwili, nacho kwetu chepesi kupatikana ni mtindi usiotiwa sukari, kwani huo ndio unaomfanya mtu afike adhuhuri bila ya kuhangaika. Cha pili ni kitu chenye nyuzinyuzi: shayiri ya oti, na kama bei yake haifikiki, uji mzito wa mtama au ulezi uliopikwa jana na kupoa, vijiko vitatu, unafanya kazi ile ile kwa bei ya kwetu. Cha tatu ni tunda, na liwe moja na nusu, si bakuli zima la matunda ya sokoni.

Tunda tunalolipendelea sisi ni papai. Linapatikana karibu mwaka mzima, ni jepesi (gramu 100 zina kalori 43 tu), na utamu wake unatosha kumfanya mtu asitafute sukari. La pili ni pera, ambalo watoto wanaliokota chini ya mti na wakubwa hawalithamini. Pera lina nyuzinyuzi nyingi kuliko takribani matunda yetu yote, na vitamini C yake inalipita chungwa mara kadhaa. Embe tusiliharamishe kwa watu, msimu wake ni mfupi na ni neema, ila nusu kikombe badala ya embe zima. Parachichi ni zuri na linashibisha, lakini ni mafuta, na maparachichi yetu ni makubwa, basi robo inatosha. Tui la nazi liachiwe mchuzi: kikombe cha tui zito kinaweza kupita kalori 500. Na maziwa mazito ya kopo, yale matamu, kijiko kimoja kikubwa ni kalori 60. Tumeona watu wanatia "kidogo tu kwa ladha" mpaka kopo likaisha kwa siku tatu.

Vipimo tunavyovitumia kwa mtu mmoja ni hivi: papai lililoiva, vipande vya kujaa kikombe kimoja, nusu ya ndizi mbivu, mtindi usiotiwa sukari, robo tatu ya kikombe, oti, au uji wa mtama uliopoa, vijiko vitatu vikubwa, kipande cha tangawizi mbichi ukubwa wa ncha ya kidole, mdalasini wa unga, nusu kijiko kidogo, ndimu nusu, maji ya kunywa kidogo ya kulegeza. Oti ziroweke ndani ya mtindi tangu usiku, zitasagika laini na hazitamkwaruza mtu koo. Asubuhi tia vyote katika blenda, saga, usichuje. Kuchuja ndiko kunakotupa zile nyuzinyuzi tulizozigharamia. Glasi hii inakuja kama kalori 300. Pamoja nayo tunampa mtu yai moja la kuchemsha, ili apate na cha kutafuna, na kikombe cha chai ya rangi yenye tangawizi au mchaichai bila ya sukari kwa ambaye hawezi kuianza siku bila ya kikombe mkononi. Basi. Hiyo ndiyo chai yenyewe. Hakuna mandazi baada yake.

Atakayeona papai limemchosha, asage mapera mawili kwa mtindi na pasheni moja. Au robo ya parachichi kwa tango, mtindi, ndimu na majani matatu ya nanaa, hiyo haina utamu na si kila mtu ataipenda, sisi wenyewe tuligawanyika. Umeme ukikatika, papai na ndizi vinapondeka kwa uma ndani ya bakuli na kuchanganywa na mtindi kwa kijiko, na kwa kweli hiyo ya kula kwa kijiko inashibisha zaidi.

Mazoea ya utamu yana shida yake. Siku tatu za mwanzo mama atasema haina ladha. Apunguziwe kwa hatua: wiki ya kwanza tende mbili, ya pili moja, kisha ziondoke. Ulimi unazoea, tumejaribu. Ila kwa mgonjwa ambaye daktari ameshasema ziondoke leo, ziondoke leo.

Yapo mambo ambayo ni lazima tuyaseme kwa kuwa tumeona watu wakiyafanya. Video za ughaibuni zinatia majani ya spinachi mabichi, na huku kwetu watu wakaweka mchicha mbichi badala yake, mafungu mawili kwa glasi. Mchicha una oksaleti nyingi, kitu ambacho kikizidi kinaweza kuganda ndani ya figo na kufanya mawe. Mchicha upikwe, maji ya kuchemshia yamwagwe, uliwe na wali. Kisamvu kibichi ndiyo kisisagwe kamwe, kina sumu ambayo haitoki ila kwa kutwangwa na kupikwa sana kama walivyokuwa wakifanya bibi zetu. Na birimbi: kwenye achari na mchuzi wa samaki halina neno, lakini wapo wanaolisaga kwa wingi na kunywa juisi yake nzito wakiambiwa inakata mafuta. Madaktari wa Kerala, kusini ya India, wameandika kuhusu wagonjwa waliosimama figo ghafla baada ya kunywa juisi hiyo. Mwenye maradhi ya figo asiikaribie.

Balungi nalo linasifiwa sana kwamba linachoma mafuta mwilini. Halichomi. Na lina jambo lake: linazuia mwili kuvunja baadhi ya dawa, zikiwemo baadhi ya dawa za presha na za kolesteroli, dawa ikajaa katika damu kuliko ilivyokusudiwa. Mama wa dada yetu ana presha, kwa hiyo kabla ya balungi amuulize daktari au mfamasia, aende na pakiti za dawa zake mkononi.

Kisha kuna unga. Tunaletewa picha za makopo na vipakti vya unga wa kupunguza uzito wa kutiwa ndani ya smuthi, vinauzwa kwa simu, vingine vina maneno ya Kiarabu nje na watu wakadhani hilo linatosha. Mambo mawili ya kuangaliwa hapa. La kwanza ni uhalali: unga wenye jelatini au kolajeni unaweza kuwa umetokana na ng'ombe, samaki au nguruwe, na kama pakiti haisemi ni mnyama gani na amechinjwa vipi, la salama ni kuuacha. La pili ni usalama wa mwili: katika bidhaa za namna hii nchi nyingi zimegundua dawa iitwayo sibutramini iliyofichwa bila ya kuandikwa, dawa ambayo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuwa inahatarisha moyo. Kwa mwenye presha hilo si jambo dogo. Muulizeni muuzaji kama bidhaa yake imesajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Akikasirika kwa kuulizwa, mmeshapata jibu.

Sanamaki pia wanaitia. Sanamaki ni dawa ya kuharisha. Kilo inayopungua kwa sanamaki ni ya maji, inarudi kesho yake, na anayeitumia kila siku anapoteza chumvi anazozihitaji mwilini na utumbo wake unazoea kusukumwa.

Maji na barafu: matunda yaoshwe kwa maji safi kabla ya kumenywa, hata papai ambalo ganda lake linatupwa, maana kisu kinaingiza ndani kilicho nje. Maji ya kulegezea yawe yaliyochemshwa au ya chupa. Barafu ya mitaani ambayo hujui imegandishwa kwa maji gani, iache. Visiwa vyetu vimewahi kuondokewa na watu kwa kipindupindu, na hatupendi mtu atafute wembamba akaangukia huko. Mayai mabichi vilevile yasitiwe. Blenda ifunguliwe na ioshwe hapo hapo, pamoja na ile mpira ya chini ambayo watu wanaisahau mpaka inatoa harufu.

Linalobaki ni la dawa za sukari, na tunaomba dada yetu alisome mara mbili. Kama mama anachoma insulini au anameza vidonge vya kushusha sukari, basi kupunguza chakula cha asubuhi ghafla huku kipimo cha dawa kikibaki vile vile kunaweza kumshusha sukari kupita kiasi. Akianza kutetemeka, kutoka jasho jingi, kuona kizunguzungu au kuchanganyikiwa, apewe mara moja kitu kitamu. Hapo ndipo kijiko cha asali au chai ya sukari inapokuwa na mahali pake, na kisha apelekwe kwa daktari. Akichanganyikiwa kiasi cha kutoweza kumeza, asimiminiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Kwa hiyo mabadiliko haya yafanywe daktari akijua, na sukari ipimwe mara nyingi zaidi wiki za mwanzo. Anayefunga Jumatatu na Alkhamisi, na Ramadhaan ikikaribia, alizungumze hilo pia mapema. Mjamzito na anayenyonyesha wasiingie katika kupunguza uzito kwa njia hii bila ya kuongozwa na wanaowahudumia kliniki.

Na tuwaombe jamaa. Kwetu mwanamke akipungua anaulizwa kama anaumwa, au mume wake hamlishi. Mama huyu akianza kupungua, majirani watasema, na mashangazi watakuja na sahani ya vitumbua kwa mapenzi yao. Watu wa nyumba wamsaidie kwa kunywa alichokinywa yeye, angalau siku za kazi, maana ni vigumu kwa mtu kukaa na glasi yake ya papai huku mandazi ya moto yanapita mbele yake.

Mizani apande mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi baada ya Alfajiri kabla ya kunywa kitu. Nusu kilo kwa wiki ni kheri nyingi, na iko wiki haitapungua kitu. Baada ya wiki nne, kama mizani haikusogea, dada yetu asianze kutafuta tunda jingine la ajabu. Aangalie kwanza kama yale mandazi yamerudi.

Wa Allaahu A'lam.